Beji ya Mara ya Arobaini

Jumapili, 5 Oktoba

Ng'ombe wameshateremshwa kutoka malisho ya juu, lifti za kupandia mlimani zimesimama, na hoteli kubwa ng'ambo ya barabara imefunga madirisha yake yote. Hapa kijijini Lahnegg tumebaki wenyewe, yaani watu wachache wasiopendana sana. Nimeanza daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa, na kwa sababu binti yangu Vroni amesema kwenye simu kwamba mtu anayekaa peke yake husahau kuongea. Mimi sijasahau. Leo nimeongea na jiko, tena kwa maneno makali.

Saa nne asubuhi, sijavua hata koti la kanisani, Bwana Tjaden akapiga simu.

"Bi Hosp, habari za huko. Nimeanza kupanga."

"Bwana Tjaden, huu ni Oktoba. Wewe unakuja Februari."

"Ndiyo maana nikasema nimeanza."

Mimi nina nyumba ya kulala wageni, na huyu ni mgeni wangu wa chumba namba nne. Anatoka kaskazini kabisa, Frisia ya Mashariki, ambako nchi ni bapa kama meza na mlima wao mkubwa ni tuta la kuzuia bahari. Kazi yake ilikuwa kukagua matuta hayo. Ana miaka themanini na mitatu. Huja juma lile lile la Februari, chumba kile kile, meza ile ile ya dirishani. Zamani alikuja na mkewe Hilke, na tangu Hilke afariki, miaka sita sasa, huja peke yake. Leo ameuliza kama benchi la mbele ya kanisa bado lipo, kama dirisha la namba nne bado linakwama, na kama ngazi yangu ina reli pande zote mbili.

"Upande mmoja tu, kama siku zote."

"Upande upi?"

"Bwana Tjaden, si umeipanda ngazi hiyo miaka yote hii!"

"Nimeipanda. Ila sikuwahi kuihitaji reli."

Nikamwambia nina chungu jikoni. Hakukuwa na chungu chochote.

Jumapili, 12 Oktoba

Amepiga tena, saa nne ileile. Anataka kujua basi la kutoka stesheni ya bondeni lina ngazi ngapi za kupandia. Nimemwambia mimi si dereva. Kwa nini mtu huyu hawapigii watu wake?

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Vroni amekuja kutoka Innsbruck na keki ya dukani na barua ya mwenye hoteli kubwa. Bwana yule anaitaka nyumba yangu, aivunje, ajenge mabwawa ya maji moto. Vroni ameiweka barua mezani, akaiwekea kikombe juu kana kwamba itapeperuka.

"Mama, vyumba vinane, peke yako, una miaka sabini na mmoja. Utaendelea mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

"Ulishachoka. Pasaka ulilala chini ya ngazi ile masaa manne, mguu umepinda, na hakuna aliyejua. Masaa manne! Mimi nilikuwa nakula mayai ya Pasaka kwa wakwe."

Na ni kweli. Nilianguka, nikalala pale nikihesabu mbao za dari. Simu ipo palepale ukumbini, chini ya ngazi, lakini sikuweza kuifikia. Ajabu ni kwamba sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba wa kwanza kunikuta angekuwa mleta mikate.

Basi tumekubaliana. Majira haya ya baridi ni ya mwisho. Mwezi wa tatu naweka sahihi, halafu nahamia kwenye nyumba ya ghorofa karibu na Vroni, yenye lifti na majirani ambao, anasema, wanasalimia. Nimeweka sharti moja tu: kwanza Bwana Tjaden apate beji yake.

Hapa kwetu mgeni akirudi mara kumi hupewa beji ya shaba. Mara ishirini ni fedha, thelathini ni dhahabu. Mara ya arobaini ni dhahabu yenye jiwe jekundu, na meya mwenyewe huja nyumbani na bendi ya matarumbeta, na mwenye nyumba anasimama kando ya mgeni kwenye picha. Hoteli kubwa wamepata tatu. Sisi hatujapata hata moja. Marehemu Engelbert, mume wangu, aliitamani beji ile kuliko mgeni yeyote. Na Februari hii Bwana Tjaden anatimiza arobaini. Nitaifunga nyumba kwa matarumbeta. Nadhani si tamaa kubwa sana.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya utalii. Dagmar, ambaye nilimjua akiwa bado anavaa nepi na ambaye huniita kwa jina la kwanza, akafungua kompyuta yake.

"Tjaden, Okko. Mara thelathini na nane, Bi Burgl. Februari itakuwa thelathini na tisa."

"Hesabu tena."

"Kompyuta haihesabu vibaya."

"Basi walioijaza walihesabu vibaya."

"Walioijaza ni nyinyi. Tunahesabu fomu za wageni, fomu mnazileta nyinyi. Hiyo ya arobaini tutaifanya mwakani kwa shangwe, usijali."

Mwakani! Nimerudi nyumbani nikitembea haraka mno kwa goti hili.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimetoa vitabu vyote vya wageni, vimejaa meza nzima. Mara arobaini kasoro hii ijayo, kwa mwandiko wa Engelbert na baadaye wangu: "Tjaden, watu wawili, namba 4." Nikapitia mwaka mmoja mmoja, nikaona kosa lilipo.

Ni ule mwaka wa maporomoko. Theluji ilishuka ikafunga barabara ya bonde, na sisi huku juu tulikaa siku tisa tukila viazi na kusikiliza redio. Akina Tjaden walikwama mlango wa bonde, wakalala kwenye ukumbi wa shule siku tatu pamoja na watu mia mbili, kisha wakarudishwa kwao. Lakini Engelbert alikuwa na mazoea ya kuwaandika wageni kitabuni pale kitanda kinapokwisha kutandikwa, kwa sababu alisema kitanda kilichotandikwa ni ahadi. Kitanda kilitandikwa, akaandika. Fomu haikujazwa kwa sababu hakuna aliyefika. Mimi nimekuwa nikihesabu kitabu, na ofisi inahesabu fomu.

Engelbert wangu, mwandiko wako mzuri umeniponza.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa nne, simu. Je, bado nina chai yake? Ninayo, bati zima, huileta mwenyewe. Akaanza kunieleza mara ya mia jinsi wanavyokunywa kwao: sukari ya mawe kwanza, kisha chai, kisha malai kidogo kwa kijiko pembeni ya kikombe, na mtu asikoroge kabisa.

"Hilke alikuwa akisema anayekoroga hana subira ya kungoja utamu ufike."

Nikataka kumwambia kuhusu thelathini na nane. Nikashindwa. Ana miaka themanini na mitatu, anauliza habari za reli za ngazi, na mwakani nyumba hii itakuwa bwawa la maji moto.

Jumanne, 28 Oktoba

Naandika kwa kalamu ileile niliyotendea kosa.

Ofisi huhesabu misimu. Kiangazi ni msimu mmoja, baridi ni mwingine, na kwao kiangazi kinakwisha tarehe thelathini na moja Oktoba. Mgeni akilala hata usiku mmoja kabla ya tarehe hiyo, ni mara moja kamili. Nyumba kubwa huandikisha kwa kompyuta, lakini mimi bado nina fomu za karatasi kwenye droo.

Nikachukua moja, nikaandika: Tjaden, Okko, anafika 28, anaondoka 29. Sahihi yake naijua kuliko yangu, ile T yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina lote. Mkono haukunitetemeka, na hilo ndilo limenitisha.

Halafu nikafanya upuuzi. Niliona vibaya kupeleka uongo mtupu. Nikapanda namba nne, nikawasha joto, nikatandika kitanda, nikasukuma dirisha mpaka likafunguka. Mchana nikachemsha chai yake, nikaweka meza ya dirishani: sukari ya mawe, chai, malai pembeni. Nikaketi upande wa pili. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye uzio. Nikajikuta nakiambia kile kiti habari za mwenye hoteli, habari za goti, na habari za masaa manne chini ya ngazi ambazo sijamsimulia mtu hata mmoja zote. Chai ikapoa. Nilihisi upweke kama sijawahi kuuhisi tangu mazishi, na nilikuwa nimejitandikia mwenyewe.

Jioni nikapeleka fomu. Dagmar akaisoma.

"Kaja Oktoba? Kufanya nini, kuhesabu ukungu?"

"Mzee ana mambo yake."

"Mbona hatukumwona?"

"Amechoka na safari, amelala." Hata sikupepesa macho.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nimewasha mshumaa kaburini kwa Engelbert. Sikumwambia.

Jumapili, 9 Novemba

Ameuliza kama njia ya kwenda kanisani humwagwa mchanga. Nimemweleza kipande kwa kipande, tangu mlangoni kwangu hadi kwenye benchi. Tumezungumza nusu saa. Alikuwa anaandika, nasikia kalamu.

Jumapili, 16 Novemba

Leo nilikuwa nimeshaketi kwenye ngazi, kipandio cha chini, saa nne kasorobo. Nikajicheka.

Jumapili, 23 Novemba

Simu haikulia.

Saa nne na nusu nikainua mkono wa simu kusikiliza kama ina uhai. Inao. Saa tano nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Luggi Prantl, jirani yangu anayeendesha mashine za theluji, akapita kuazima ngazi, nikamfukuza upesi asije akanizuilia simu.

"We Burgl, umepata mchumba?" akauliza. "Umesimama kwenye simu kama askari wa mlangoni."

"Chukua ngazi yako uende."

"Ni yako."

Saa nane sikula. Nikatafuta namba yake kwenye kitabu cha wageni, nikaipata, nikakunja kona ya ukurasa. Sikupiga. Mwenye nyumba hampigii mgeni. Mgeni ndiye anayepiga. Engelbert alishikilia hivyo, na mama yake kabla yake.

Nilidhani mimi ndiye ninayemvumilia mzee huyu. Leo nimejua sivyo.

Jumatatu, 24 Novemba

Amepiga.

"Samahani kwa jana, Bi Hosp. Walinilaza kidogo, mambo ya moyo. Ulikuwa unangoja?"

"Nilikuwa nafua mapazia."

"Vizuri. Basi tulikuwa tumeishia kwenye njia ya mchanga."

Ijumaa, 5 Desemba

Vijana waliovaa manyoya na pembe, desturi ya kila Desemba, wamepita na kengele zao kutisha watoto. Nyumba yangu wameiruka, haina mtoto.

Alhamisi, 25 Desemba

Vroni yuko kwa wakwe, atakuja kesho. Supu, donge moja la mkate uliokandwa na kuchemshwa. Mtu akipika donge moja, maji yanaonekana mengi sana sufuriani.

Jumatano, 31 Desemba

Vyumba vyote vinane vimejaa Waholanzi. Viatu ukumbini, nywele kwenye masinki, vicheko mpaka kwenye dari. Nimehudumia watu kumi na saba na hakuna hata mmoja anayejua jina langu. Si kwamba ni wabaya. Wameniachia chokoleti.

Jumapili, 18 Januari

Mvua, badala ya theluji! Luggi analaani mbingu. Bwana Tjaden ameuliza kama atanunua tiketi ya kwenda na kurudi au ya kwenda tu halafu aone. Nikasema ya kwenda na kurudi, watu wasio na akili ndio hununua ya kwenda tu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia kuna jambo la kumfurahisha linamngoja. Akasema, "Mimi kufika tu kunatosha, Bi Hosp."

Alhamisi, 5 Februari

Sasa theluji imekuja, na imekuja kwa hasira. Siku tatu mfululizo. Luggi anasema wanaweza kufunga barabara ya bonde. Nimetandika namba nne. Kitabuni sijaandika kitu. Mwaka huu siandiki mpaka nimwone kwa macho yangu.

Jumamosi, 7 Februari

Barabara ilifunguliwa saa sita. Basi lilifika saa kumi, na yeye akateremka wa mwisho, na dereva akimshika kiwiko. Amepungua. Koti ni lilelile, lakini limekuwa la mtu mwingine mkubwa zaidi. Akauangalia mlima wetu muda mrefu, akavua kofia.

"Bado upo," akasema. Sijui alikuwa anamwambia nani, mimi au mlima.

Ngazi aliipanda kwa kupumzika mara mbili. Mkono mmoja kwenye reli, wa pili ukitafuta reli isiyokuwepo. Nilikuwa nyuma yake, nimenyoosha mikono kama mjinga, ningemdaka vipi?

Nimeandika kitabuni: Tjaden, mtu mmoja, namba 4. Beji ni Alhamisi. Meya amethibitisha, bendi imethibitisha. Vroni anakuja Ijumaa na karatasi za mwenye hoteli.

Jumanne, 10 Februari

Amekwenda hadi benchi la kanisani peke yake, kwa njia yetu ya mchanga. Nilimtazama dirishani hadi kona. Aliporudi alipita mezani bila kunywa chai, akapanda chumbani, akafunga mlango. Chakula cha jioni amekula vijiko vitatu. Nimemuudhi nini?

Jumatano, 11 Februari

Nimepata kujua.

Baada ya kifungua kinywa, wageni wengine walipokwisha kwenda kuteleza kwenye theluji, Bwana Tjaden akaniita.

"Bi Hosp, keti kidogo."

Miaka yote hii hajawahi kuniambia niketi. Mgeni huketi, mimi husimama na birika. Nikaketi kile kiti nilichoketi Oktoba.

"Jana nimepita ofisi ya utalii," akasema. "Wamebandika karatasi dirishani. Bwana Okko Tjaden, mara ya arobaini."

"Ilikuwa tukushtukize."

"Mmenishtua kweli. Bi Hosp, mimi nimekagua matuta miaka thelathini na saba, jiwe kwa jiwe. Kuhesabu najua. Hii ni mara ya thelathini na tisa."

Uso ukanipanda moto. Nikasema ofisi ndiyo inayohesabu.

"Ndiyo. Nikaingia nikamuuliza yule binti. Akanikumbusha kwamba nilikuja Oktoba." Akanitazama bila ukali. "Nilikuja?"

Nikamweleza yote. Fomu, sahihi, T yenye mkia. Chumba nilichokipasha joto. Chai niliyoiandaa.

"Sukari ya mawe kwanza?"

"Kwanza."

"Malai pembeni?"

"Pembeni."

"Ulikoroga?"

"Sikukoroga."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi nilikuwa karibu kuja."

Tukacheka wote wawili, na mimi nilikuwa karibu kulia. Kisha akaacha kucheka.

"Ule mwaka wa ukumbi wa shule," akasema, "Hilke alilala kwenye godoro la mazoezi, kichwa mkononi mwangu. Akaniambia, Okko, huu tusiuhesabu. Huu ni wa akiba, tutakuja kuuchukua siku nyingine. Tangu afariki, kila nikitaka kuondoka nyumbani daktari ananiambia, Bwana Tjaden, sasa basi. Nami namjibu, daktari, siwezi kuachia njiani, sijafika arobaini. Kila Oktoba nakaa mezani na ramani na karatasi, napanga. Jumapili nakupigia. Mwezi wa Oktoba hadi Februari mimi ni mtu mwenye safari. Unanielewa? Miezi mingine ni mzee tu kwenye kiti."

Nikamwongezea chai.

"Kesho mkinipa arobaini, nimemaliza. Nitarudi nyumbani na beji, nimwambie nani nini? Nilitaka mmoja ubaki, Bi Hosp. Nilikuwa nautunza."

Akavunja mkate wake vipande vidogo, hakula.

Na mimi nilidhani nampa zawadi. Nilikuwa najipa mwenyewe: picha, matarumbeta, mwisho mzuri wa nyumba. Nilikuwa namfungia mlango kwa heshima zote. Wala sijamwambia kwamba hakuna mwakani, kwamba namba nne litakuwa bwawa.

Alhamisi, 12 Februari

Nimekwenda ofisini ilipofunguliwa tu. Kulikuwa na Wajerumani wanne wakinunua tiketi, na Luggi, ambaye hakosekani penye jambo. Ningengoja watoke, lakini ningengoja ningeghairi.

"Dagmar, ile fomu ya Oktoba ni ya uongo. Sahihi ni yangu. Tjaden hakuja. Ifute, na beji ya leo iondoe."

Hata Wajerumani waliacha kuhesabu chenji.

"Bi Burgl," Dagmar akasema polepole, "bendi inakuja saa kumi na moja. Meya amekata safari yake."

"Mwambie airudie."

"Hii ni kughushi. Nalazimika kuandika. Utaletewa barua ya onyo, na pengine jina la nyumba yenu litatolewa kwenye orodha ya kuenzi wageni."

"Andika. Ila thelathini na tisa ibaki thelathini na tisa. Hiyo ni ya haki."

Nimetoka. Luggi akanifuata hadi nje.

"Burgl! Nasikia nyumbani kwako wageni siku hizi hawaonekani kwa macho! Na mimi nilete wangu? Nina kaka yangu marehemu, hakoromi."

Nikamrushia theluji. Ilimpata sikioni. Mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua, na mleta mikate alinitazama kwa namna mpya.

Nilimwambia Bwana Tjaden: "Imefutwa." Akainuka, akanipa mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Akanywa vikombe vitatu vya chai. Kwao vitatu ni adabu.

Ijumaa, 13 Februari

Vroni amefika na karatasi. Nimemwambia siweki sahihi.

"Mama, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana baada ya beji. Beji haijatoka."

"Itatoka lini?"

"Mwakani, akifika."

"Ana miaka themanini na mitatu! Unaacha nyumba iendelee kukuua kwa ajili ya mgeni mmoja?"

"Mmoja."

Akapiga meza, akaketi, akalia. Vroni halii. Nilikuwa nimemhesabu kama mtu anayetaka kuniondoa hapa kwa ajili ya utulivu wake. Leo nimeona uso wake na nimeona ni woga tu, woga mtupu wa kunikuta chini ya ngazi. Nikamshika kichwa kama alipokuwa mdogo.

"Hujui tu," akasema, "kila ukichelewa kupokea simu mimi nawaza nini."

Sikujua. Nilidhani hakuna anayengoja upande wa pili.

Tumekubaliana upya: mwaka mmoja, na ngazi itiwe reli ya pili. Mwenye hoteli ataandikiwa. Vroni hajafurahi. Amekubali, na amekula madonge matatu.

Jumamosi, 14 Februari

Bwana Tjaden ameondoka kwa basi la saa tatu. Mlangoni akavaa kofia, akaivua tena.

"Mpaka Oktoba, Bi Burgl."

Miaka yote nimekuwa Bi Hosp. Nikasimama kwenye theluji hadi basi likakata kona, na baada ya hapo pia.

Jumapili, 22 Februari

Simu haikulia, wala haipaswi kulia. Baada ya safari yeye huwa hapigi mpaka Oktoba. Ndiyo kawaida yake.

Jumatatu, 2 Machi

Barua ya onyo imefika. Nimeitia kwenye kitabu cha wageni, kwenye ukurasa wa ule mwaka wa maporomoko.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Vroni amenichukua kwa wakwe zake. Mayai mengi, kelele nyingi, nimechoka, nimefurahi kidogo. Kurudi nyumbani nimewasha taa zote.

Jumapili, 12 Aprili

Msimu umekwisha. Lifti zimesimama. Hoteli kubwa wamefunga madirisha. Theluji ni ya kijivu, inatoa mabaki ya watu: glavu, chupa, jino la bandia. Saa nne nilikuwa nimeketi kwenye kipandio cha chini, bila sababu. Hadi Oktoba ni majuma ishirini na tano.

Jumapili, 19 Aprili

Luggi anakuja kesho kufunga reli ya pili. Leo amepita kuuliza aiweke juu kiasi gani, nikasema sijui, akasema basi niamue kabla hajanoa msumeno.

Nimeketi kwenye kipandio. Saa nne ikapita. Nikafungua kitabu kwenye ile kona niliyoikunja, nikaivuta simu magotini. Mwenye nyumba hampigii mgeni. Nikapiga.

Ikalia mara saba. Nilianza kuwaza mambo.

"Tjaden," ikasema sauti, ndogo, ya mtu aliyetoka kwenye kiti.

"Bwana Tjaden, ni Burgl, wa Lahnegg. Samahani, najua ni Aprili. Nakuuliza tu, kwa ajili ya Februari. Reli ya ngazi, ya upande wa pili. Wewe unaitaka iwe na urefu gani?"

Nikaikaza simu sikioni. Kisha nikasikia anavuta pumzi, na sauti iliyorudi ilikuwa ya mkaguzi wa matuta.

"Hilo si jambo la kukisia, Bi Burgl. Ngoja nikatafute futi yangu nijipime. Iko ghalani, itachukua muda. Usikate."

Nikasikia hatua zake zikienda, mlango, kisha vitu vikipekuliwa mbali sana, kule kwenye nchi bapa. Sikukata.